Tanzania na Kenya nani ana maji mengi? Mwongozo kamili wa kulinganisha mvua na maji ya nchi mbili

Kila msimu wa ripoti ukifika naletewa kosa lile lile. Mtu anakuja na flashi yake hapa kibandani kwangu Ngamiani, anataka nimpangie kurasa na kuprinti tu, mi macho yanakimbilia kwenye jedwali: Tanzania mvua 1,071, Kenya 630, na chini yake hitimisho la mstari mmoja, "hivyo Tanzania ina maji karibu mara mbili ya Kenya". Namwambia mdogo wangu hii itarudishwa, ananiangalia kama namtafutia hela ya kuprinti mara ya pili. Wiki inayofuata huyo anarudi, karatasi imejaa wino mwekundu.

Nimeshaeleza mdomoni mpaka koo limekauka, kwahiyo leo naandika yote. Mfano wetu ni Tanzania na Kenya mana ndo zinazoulizwa sana huku Tanga, mpaka wenyewe tunao hapo Horohoro, ila njia ni ile ile hata ukipewa Misri na Uingereza.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Laptopu au simu yenye Excel. Huna? Kalkuleta na daftari la hesabu vinatosha kabisa.
- Bando kidogo la kuingilia AQUASTAT, hifadhi ya data za maji ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ni bure, hakuna kulipia.
- Namba za sensa kutoka ofisi za takwimu za taifa: Tanzania 2022 kutoka NBS, Kenya 2019 kutoka KNBS.
- Ramani ya mvua na ya mabonde ya maji ya kila nchi, hata ile ya kwenye atlasi ya sekondari inafaa.
- Kopo la kilo lililotobolewa chini tundu moja dogo, mchanga mkavu, na glasi ya maji. Usicheke, utaliona kazi yake hatua ya 4.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujagusa namba

"Nani ana maji mengi" sio swali moja, ni maswali matano yamevaa kanzu moja. Wapi inanyesha zaidi? Nchi ipi inapokea maji mengi zaidi kwa jumla? Ipi inabaki nayo mengi baada ya jua na mimea kuchukua chake? Ipi inayo mengi ukijumlisha yanayoingia kutoka kwa majirani? Na mtu mmoja anaangukiwa na kiasi gani?

Sababu ya kuanza hapa utaiona mwishoni, majibu yote matano yanatofautiana, na hakuna hata moja la uongo. Anayekosea ni yule aliyejibu swali la kwanza akaliandika kama jibu la tano.

Umefaulu kama: juu ya karatasi yako kuna sentensi moja inayoisha na alama ya kuuliza, na mtu ambaye hajasoma jografia anaielewa.

Hatua ya 2: Vuta data zote kutoka chanzo kimoja

Ingia AQUASTAT, chagua nchi zako mbili, alafu chukua hizi: wastani wa mvua wa muda mrefu kwa milimita, eneo la nchi, maji jadidifu ya ndani (safu yake inaandikwa IRWR), na maji jadidifu ya jumla (TRWR). Maji jadidifu ni yale yanayorudi kila mwaka kwa mvua, mito na maji ya chini ya ardhi.

Utapata hivi:

Tanzania: mvua mm 1,071, eneo km² 947,300, maji ya ndani km³ 84, jumla km³ 96.27.
Kenya: mvua mm 630, eneo km² 580,370, maji ya ndani km³ 20.7, jumla km³ 30.7.

Kwanini chanzo kimoja? Mana kila taasisi ina namna yake ya kuhesabu. Ukichukua ya Tanzania kwenye ripoti ya wizara na ya Kenya FAO, umepima samaki mmoja kwa mzani na mwingine kwa rula.

Onyo la kwanza. Watu wanaangalia FAO, wanaenda Benki ya Dunia wanakuta namba ile ile, wanaandika "vyanzo viwili vimethibitisha". Benki ya Dunia data hizi inazitoa FAO. Huo ni ushahidi mmoja umepita milango miwili.

Onyo la pili, na hili limenichekesha mpaka basi. Ukishusha safu ya mvua ya miaka mingi utakuta Tanzania 1,071, 1,071, 1,071, mwaka baada ya mwaka. Kuna dada aliichorea grafu, mstari umenyooka kama reli, akaandika "mvua ya Tanzania haijabadilika kwa miongo kadhaa". Sisi tuliokuwepo El Niño ya 1997/98 tunajua mvua inavobadilika! Ile namba ni wastani wa muda mrefu unaorudiwa tu kwenye kila mwaka. Ukitaka kuona mwaka huu ulivokuwa tofauti na mwaka jana unatakiwa kwenda kwa wapima hali ya hewa, TMA huku na wenzao wa Kenya kule, na uulize wastani wao ni wa kipindi gani. Siku hizi kipindi cha kulinganishia ni 1991 mpaka 2020, vitabu vya zamani vinatumia 1961 mpaka 1990, usivichanganye.

Onyo la tatu: wastani wenyewe huwa unarekebishwa. Misri ripoti za zamani za FAO zinasema milimita 51 kwa mwaka, mpya zinasema 18. Nchi ni ile ile na jangwa ni lile lile, kilichobadilika ni mahesabu. Kwahiyo andika tarehe uliyoshusha data.

Umefaulu kama: una namba nne kwa kila nchi, kila moja ina kipimo chake pembeni na chanzo ni kimoja.

Hatua ya 3: Geuza milimita ziwe ujazo

Hapa ndo wengi wanapoteleza, tukae kidogo.

Milimita ni kina. Mvua ya mm 1 maana yake maji yangetuama bila kwenda popote yangefika kina cha milimita moja, na kwenye mita moja ya mraba hiyo ni lita 1 kamili. Chukua nyumba yenye paa la bati la mita 10 kwa 8, hiyo ni mita za mraba 80. Ikinyesha mm 25, kitu cha kawaida tu kwa masika ya Tanga, paa limepokea lita 2,000. Simtanki la lita 2,000 linajaa kwa mvua moja, toa kidogo kinachoruka pembeni ya mfereji. Jirani yako mwenye banda la mita 4 kwa 5 mvua ile ile imempa lita 500. Milimita ni zile zile, maji tofauti, kwa sababu paa ni tofauti.

Nchi nayo ni paa. Fomula:

mm × km² ÷ 1,000,000 = km³

Tanzania: 1,071 × 947,300 ÷ 1,000,000 = km³ 1,014.6
Kenya: 630 × 580,370 ÷ 1,000,000 = km³ 365.6

Kwanini unagawanya kwa milioni? Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, na km³ 1 ni mita za ujazo bilioni 1. Bilioni gawanya kwa elfu ni milioni, basi.

Ona kilichotokea. Kwa milimita Tanzania ilikuwa mara 1.7 ya Kenya, kwa ujazo imekuwa mara 2.8. Paa letu ni kubwa.

Onyo la eneo: Tanzania ina namba mbili za eneo na zote ni sahihi. km² 947,300 ni pamoja na maziwa, km² 885,800 ni nchi kavu peke yake. Ukichukua ya pili unapata km³ 948.7, umepoteza karibu km³ 66, na hizo ni zaidi ya mara mbili ya maji jadidifu yote ya Kenya! Hakuna sheria inayosema utumie ipi, ila ukitumia eneo lote kwa Tanzania tumia eneo lote kwa Kenya.

Onyo la vipimo, hili linaniuma kwa sababu lilinikuta mwenyewe. Kabla ya sensa ya 2022 nilipeleka jedwali kwenye ofisi moja nikiwa nimeandika maji ya ndani "mita za ujazo milioni 84" badala ya bilioni 84. Kuna mzee kule akatoa simu mfukoni, akagawanya kwa watu wa sensa ya 2012, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa hiyo kila Mtanzania anapata lita 5 kwa siku, na mpunga wa Mombo umo humo humo?" Nilitamani sakafu inimeze. Tangu siku hiyo kila namba ya maji naigawa kwanza kwa watu na kwa siku 365 nione kama inaingia akilini.

Na kama unatumia Excel angalia mkato na nukta. Laptopu nyingine zimesetiwa kizungu cha Ulaya bara, ukiandika 1,071 inasoma moja nukta sifuri saba moja, Tanzania nzima inakuwa jangwa.

Umefaulu kama: ukirudia hesabu kwa kalkuleta unapata 1,014.6 na 365.6.

Hatua ya 4: Tafuta kilichobaki ardhini

Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Mvua nayo ndo hivo hivo. Sehemu kubwa sana inayonyesha inarudi angani kama mvuke, kutoka kwenye udongo, majani, madimbwi, au inanywewa na mazao na misitu. Inayobaki ikaingia mitoni na chini ya ardhi ndo ile namba ya maji ya ndani.

Gawanya:

Tanzania: 84 ÷ 1,014.6 = asilimia 8.3
Kenya: 20.7 ÷ 365.6 = asilimia 5.7

Yani kwenye kila ndoo kumi zinazonyesha Tanzania hata ndoo moja haibaki. Ukitaka kuiona vizuri zaidi irudishe kwenye milimita: zidisha km³ kwa milioni, gawa kwa eneo. Tanzania zinabaki mm 89 kati ya 1,071. Kenya mm 36 kati ya 630.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: kama mvua ya Kenya kwa milimita ni zaidi ya nusu ya yetu, mbona kinachobaki hakifiki hata nusu, mm 36 kwa 89?

Chukua lile kopo. Jaza mchanga mkavu, liweke juu ya sahani. Mimina robo glasi ya maji juu. Subiri. Hakuna kinachodondoka chini, mchanga umekunywa yote. Mimina robo nyingine, bado labda, inategemea kopo lako. Endelea, utafika mahali ambapo kila unachomimina kinatoka chini. Ardhi inajilipa deni lake kwanza ndo inaachia mto. Nchi yenye mvua chache karibu yote inaishia kwenye deni, na sehemu kubwa ya Kenya, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake, ni kame au nusu kame, jua kali, udongo una kiu. Kwahiyo mvua ikipungua kwa nusu, mto hupungua kwa zaidi ya nusu. Mwenye kopo lake haihitaji kukariri hii.

Onyo: usiandike kwamba asilimia 92 "zimepotea". Mahindi ya Lushoto na machungwa ya Muheza yanaota kwa maji hayo hayo, ni vile tu hayahesabiwi kwenye maji ya mito. Nchi inayolima kwa mvua inaishi kwa maji ambayo jedwali lako haliyaonyeshi, liandike hilo chini ya jedwali kwa sentensi moja.

Umefaulu kama: una asilimia mbili, 8.3 na 5.7, na unaweza kueleza kwanini hazifanani.

Hatua ya 5: Ongeza ya majirani, bila kuhesabu mara mbili

Toa maji ya ndani kwenye maji ya jumla, unapata yanayotoka nje. Tanzania 96.27 kutoa 84 ni km³ 12.27, sawa na asilimia 12.7 ya maji yake. Kenya 30.7 kutoa 20.7 ni km³ 10, sawa na asilimia 32.6. Hii asilimia ndo inaonyesha nchi inavotegemea wenzake.

Inasaidia kuzitaja sura za hayo maji, usiache namba tupu. Kagera inaingia kwetu ikitokea Rwanda na Burundi. Mto Mara unaanzia msitu wa Mau Kenya, unapita Serengeti, unamwaga ziwa Victoria upande wetu. Omo inatoka Ethiopia inalisha ziwa Turkana, na juu yake Waethiopia wameweka bwawa la Gibe III. Na sisi tunatoa pia: mto Umba unaanzia milima ya Usambara, unapita wilaya ya Mkinga, unavuka mpaka na kuingia baharini upande wa Kenya karibu na Vanga. Mtu wa Vanga anateka maji ya mvua iliyonyesha Lushoto.

Onyo: usijumlishe TRWR ya nchi mbili kupata "maji ya Afrika Mashariki". Maji ya mto unaovuka mpaka yanaweza kuwa yameandikwa kote kuwili.

Onyo kubwa zaidi: ziwa sio mto. Kuna kijana aliongeza ziwa Tanganyika kwenye jedwali, ujazo wake ni karibu km³ 18,900, Tanzania ikawa kama Brazili. Ile ni akiba iliyokaa, tena tunagawana na Kongo, Burundi na Zambia. Maji jadidifu ni kinachoingia kwa mwaka. Simtanki lako likiwa limejaa leo haimaanishi bomba linatoka.

Hatua ya 6: Gawa kwa watu, kwa mwaka mmoja

Sensa ya Tanzania, Agosti 2022: watu 61,741,120. Sensa ya Kenya, Agosti 2019: watu 47,564,296.

Wengi wanagawanya hapo hapo. Kenya inatoka mita za ujazo 645 kwa mtu, na ni kosa, kwa sababu umewapa Wakenya maji ya 2019 na Watanzania ya 2022, miaka mitatu ya watoto wa Kenya umeifuta. Irekebishe. Watu wa Kenya walikuwa wanaongezeka asilimia 2.2 kwa mwaka kati ya sensa ya 2009 na 2019, kwahiyo zidisha kwa 1.022 mara tatu:

47,564,296 × 1.022 × 1.022 × 1.022 = kama milioni 50.77

Sasa gawa:

Tanzania: 96,270,000,000 ÷ 61,741,120 = m³ 1,559 kwa mtu kwa mwaka
Kenya: 30,700,000,000 ÷ 50,770,000 = m³ 605 kwa mtu kwa mwaka

Alafu weka kwenye vipimo vya Malin Falkenmark, yule mtaalamu wa maji wa Sweden. Chini ya m³ 1,700 maji yanaanza kubana, chini ya 1,000 ni uhaba, chini ya 500 ni uhaba mkali kabisa. Tanzania ipo kwenye kubanwa, Kenya ipo kwenye uhaba.

Na ukitaka jambo la kumfanya msomaji akae vizuri kwenye kiti, rudia Tanzania kwa sensa ya 2012, watu 44,928,923. Unapata 2,143. Miaka kumi, km³ ni zile zile 96.27, tumetoka juu ya mstari wa 1,700 mpaka chini yake kwa kuzaana tu. Hiyo ndo sababu grafu ya maji kwa mtu inashuka hata kama mvua haijapungua tone, usije ukaandika "ukame" hapo.

Utabishiwa, jiandae. Mita za ujazo 1,559 kwa mwaka ni kama lita 4,270 kwa siku, na mama wa Makorora anayefungua bomba linakoroma tu atakuuliza lita zake ziko wapi. Zipo Rufiji, zipo Ruvuma, zipo mafuriko ya Aprili yaliyoenda baharini, zipo kwenye mashamba ya umwagiliaji. Namba hii inasema maji yapo nchini, haisemi yamefika kwako.

Umefaulu kama: namba za watu zote ni za mwaka mmoja na mwaka umeandikwa.

Hatua ya 7: Shuka mpaka kwenye eneo na msimu

Wastani wa nchi ni kama kusema mimi na mwenye duka la jumla kwa wastani tuna gari moja moja.

Angalia mkoa na jirani zake. Amani, juu ya Usambara Mashariki, inapata karibu mm 1,900 kwa mwaka. Tanga mjini zaidi ya 1,200. Same, ukipita Mkomazi, chini ya 600. Same hiyo unaweza kuiweka Kenya hakuna atakayeshtuka, na upande wa Kenya nako kuna milima kama Aberdare na Mlima Kenya inayonyeshewa vizuri huku Turkana ikikauka. Kwahiyo kwenye kila nchi chagua maeneo mawili, la mvua nyingi na la mvua chache, uyaweke pembeni ya wastani.

Usijaribu kutengeneza wastani wa nchi kwa kujumlisha vituo. Amani, Tanga na Same ukizijumlisha ukagawa kwa tatu unapata zaidi ya 1,200, kana kwamba Amani ina ukubwa sawa na nyika yote ya Same. Vituo vingi huwa viko panapokaa watu, na watu hukaa penye mvua.

Alafu miezi. Pwani yetu tuna masika Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Desemba, Mombasa vile vile. Dodoma ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni vumbi. Nchi mbili zinaweza kuwa na milimita sawa kwa mwaka, moja inazipata miezi kumi nyingine miezi mitatu, na ya pili bila mabwawa itapata mafuriko na kiu ndani ya mwaka mmoja.

Mfano ninaoupenda ni Tanga na Mombasa. Bahari moja, misimu ile ile, mvua hazipishani sana, hata mandazi na mbaazi ni yale yale. Tanga tunakunywa maji ya mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani, unadakwa bwawa la Mabayani, jirani tu na mjini. Mombasa haina mlima wa hivo mgongoni, maji yake mengine yanatembea kwenye bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, mengine visima vya Tiwi. Mvua ya mjini haikuambii chochote hapo. Kinachoamua ni nini kipo nyuma ya mji.

Umefaulu kama: una ramani mbili au aya mbili zinazoonyesha maji yako wapi na yanakuja lini.

Hatua ya 8: Matumizi, pitia haraka

Ukiulizwa na matumizi, chukua maji yanayochotwa kwa mwaka ugawe kwa maji ya jumla. Kwa Tanzania FAO wanatumia km³ 5.184, inatoka asilimia 5.4, na karibu asilimia 90 ya hayo ni kilimo. Ila tazama mwaka wa hiyo namba: 2002. Andika mwaka wake wazi, usiiweke kama ya jana. Data za matumizi karibu nchi zote zetu ni za zamani, mi huwa naziweka mwisho na kwa maandishi madogo.

Hatua ya 9: Ijaribu njia yako kwa Misri

Kabla hujaandika hitimisho, pitisha Misri kwenye hatua zile zile. Mvua mm 18.1, eneo km² 1,001,450, inatoka km³ 18.1. Maji ya ndani km³ 1. Maji ya jumla km³ 57.5.

Hapa watu wanashtuka, "maji yamezidi mvua mara tatu, nimekosea wapi?" Hujakosea. Ni Nile. Kwa mkataba wa 1959 kati yake na Sudan, Misri ilijiwekea km³ 55.5 za mto huo kwa mwaka, karibu asilimia 98 ya maji yake yote yanatoka nje. Kama jedwali lako lina uwezo wa kuonyesha nchi isiyo na mvua inayolima ngano, limekaa sawa. Kama fomula yako imekataa kwa sababu uliiwekea kwamba maji hayawezi kuzidi mvua, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 10: Andika hitimisho, ukianza na swali lako

Panga majibu ya yale maswali matano mstari mmoja mmoja, Tanzania ni mara ngapi ya Kenya:

Mvua kwa milimita: mara 1.7
Mvua kwa ujazo: mara 2.8
Maji yanayobaki ndani: mara 4.1
Maji ya jumla pamoja na ya majirani: mara 3.1
Maji kwa mtu, 2022: mara 2.6

Chagua mstari unaojibu swali lako la hatua ya 1, huo ndo unatangulia, mingine inafuata kama maelezo. Mfano wa aya inayopita:

"Mwaka 2022 Mtanzania mmoja alikuwa na maji jadidifu m³ 1,559 na Mkenya m³ 605, yaani mara 2.6. Tofauti hii ni kubwa kuliko ya mvua (mara 1.7) kwa sababu eneo la Tanzania ni kubwa na asilimia 8.3 ya mvua yake hubaki kama maji ya mito na ya chini ya ardhi, Kenya asilimia 5.7. Hata hivyo Kenya inategemea nje kwa theluthi ya maji yake, na ndani ya kila nchi tofauti za eneo hadi eneo ni kubwa kuliko tofauti ya wastani wa nchi hizo mbili."

Kabla hujaja kuprinti, mpe mwenzako jedwali bila ile aya, mwambie akutafutie maji ya Mkenya mmoja kwa 2022 kwa kutumia namba zako tu. Akipata 605 lete flashi. Akipata 645 rudi hatua ya 6, hujaandika mwaka wa sensa.